Kuteua Madiwani: Funzo la Mbulu la Mwaka 1960



Kila uchaguzi wa madiwani unapokaribia, maneno huwa mengi juu ya nani apitishwe na nani akatwe. Katika wilaya za Mbulu na Hanang maneno hayo ni makongwe kuliko Uhuru wenyewe.

Agosti 1960, Tanganyika ilipochagua Baraza la Kutunga Sheria, TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya viti vyote vilipatikana bila kupingwa. Kiti kimoja kilichoponyoka kilikuwa cha Mbulu, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa ingali na Hanang ndani yake. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Wananchi wakamchagua Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kwa nafsi yake, na alipofika Barazani akakaa pamoja na wenzake wa TANU. Ni dhahiri basi kwamba wapiga kura wa Mbulu hawakuikataa siasa ya Chama wala hawakuukataa Uhuru. Walichokataa ni uteuzi.

Mwaka 1965 utaratibu ulikuwa umebadilika. Mkutano Mkuu wa Wilaya ulipiga kura za maoni, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, mmoja wa jembe na mmoja wa nyumba, na mwananchi akaamua. Hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Chama hakikudhoofika kwa hilo.

Leo njia aliyopita Sarwatt imefungwa, kwa kuwa sheria haimruhusu mgombea binafsi. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, lakini katika kata ambako mgombea alipita bila kupingwa, kikao cha uteuzi ndicho kilichokuwa uchaguzi wenyewe. Hapana budi kikao hicho kiwe na uangalifu mkubwa kuliko ule wa mwaka 1960.

Mbulu na Hanang hazina meya, kama wasemavyo watu wa majiji. Zina wenyeviti wa halmashauri, nao huchaguliwa na madiwani miongoni mwao. Kwa hiyo mkono wa mwananchi wa kijijini humfikia diwani wake tu. Kati ya mwaka 1972 na 1984 hata mkono huo haukuwapo, maana halmashauri za wilaya zilikuwa zimevunjwa. Ni katika miaka hiyo mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalipopanuka katika malisho ya Wabarbaig huko Basotu. Malalamiko ya wafugaji yakaishia mahakamani, mahali ambapo mambo hufika yakiwa yamekwisha haribika.

Tena iko Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, na watu zaidi ya 80 wakafa. Siku kama hiyo, na miezi inayofuata, wananchi huhitaji diwani anayejua ni kaya ipi ilikaa kando ya korongo lipi, na ni nani hajaonekana. Ujuzi huo haupatikani kwa mtu anayekuja katani wakati wa kuchukua fomu.

Haisemwi hapa kwamba mshindi wa kura za maoni asiguswe kamwe. Zipo kura zinazonunuliwa kwa pombe na kanga, na kikao kinachozifuta kinafanya kazi yake. Lakini kinapozifuta, wanachama wa kata hiyo waambiwe sababu, katika mkutano wao, na wapewe nafasi ya kuuliza. Mwalimu anayesimamia kituo cha kupigia kura hawezi kumpigia debe mgombea yeyote, wala haifai. Ila akiwa mwanachama, naye anaweza kusimama katika mkutano wa tawi lake na kuuliza kwa nini jina la kwanza limeondolewa na la tatu limerudi.