Mlima Unavyolinywesha Ziwa: Maji, Hewa na Mimea ya Nyika Chini ya Kilimanjaro



Kila ukame unapoikamata nyika ya Kahe, Mwanga na Simanjiro, hoja moja hurudi mikutanoni: tujenge mabwawa zaidi, maji yakitanda mvua itafuata. Naikubali nusu ya kwanza, tena kwa masharti. Nusu ya pili naikataa. Ziwa la nchi kame hubadilisha sana maisha ya kandokando yake, lakini ziwa dogo haliiti mvua. Huku kwetu mlima ndio unaolinywesha.

Ushahidi mzuri zaidi uko Chala, ziwa la kreta lililo mpakani mwa Rombo na Taveta. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 4 tu, kina chake kinapita mita 90, na hakuna mto wa kudumu unaoingia wala unaotoka. Mvua ya pale ni karibu milimita 600 kwa mwaka, ilhali jua na upepo hunyanyua karibu milimita 1,700. Piga hesabu: kwa mvua yake peke yake Chala lingeshuka zaidi ya mita moja kila mwaka, na kabla ya miaka 100 kwisha tungekuwa na shimo kavu. Lakini mwaka 2016 watafiti walitoboa tope la chini ya ziwa hilo, wakatoa kumbukumbu ya takriban miaka 250,000. Shimo hilo limekuwa na maji muda wote huo.

Kinachoziba pengo ni maji ya chini ya ardhi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1970 ulikadiria kwamba asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia Chala hupitia kwenye miamba ya mlima. Chanzo chake ni mvua ya ukanda wa msitu, ambako upande wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Linganisheni na Ziwa Viktoria, ambalo kiasi kama hicho cha maji yake hutokana na mvua inayolinyeshea lenyewe. Viktoria, lenye kilometa za mraba zipatazo 68,000, linaweza kujitengenezea radi za usiku. Chala haliwezi, wala Ziwa Jipe, wala bwawa la Nyumba ya Mungu. Mawingu yanayokwama juu ya Kibosho na Marangu wakati wa masika yamebeba unyevu wa Bahari ya Hindi.

Jambo jingine ambalo mara nyingi tunalipita haraka: maji ya Chala si ya chumvi. Ziwa linalopoteza maji kwa mvukizo tu hulimbikiza chumvi, kwa sababu mvuke hauichukui. Likibaki bila chumvi katikati ya nyika, basi lina njia ya kutokea chini. Upande wa pili wa mlima, Amboseli, bonde halina njia ya namna hiyo. Sakafu ya ziwa la kale imebaki vumbi jeupe la chumvi, huku pembeni vinamasi vya tembo vikibubujika maji ya Kilimanjaro hiyohiyo.

Je, hewa? Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo mwanana huvuma kutoka ziwani. Usiku maji hutunza joto. Aliyewahi kulala kambi ya wavuvi Nyumba ya Mungu anaujua unafuu huo. Ila hauendi mbali, maana upepo wa mlima, unaopanda mchana na kushuka usiku, ni mkubwa zaidi.

Mimea huonyesha mpaka wa nguvu ya maji vizuri kuliko kipimajoto. Chemka, kule Rundugai, mikuyu na mikoche imesimama juu ya chemchemi. Tembea kidogo tu na uko kwenye migunga na udongo uliopasuka. Kinachoilisha mikuyu ni maji yaliyo karibu na mizizi, si unyevu wa hewani. Jipe ni funzo la upande mwingine: ziwa lenye kina kifupi, linalolishwa na mto Lumi na vijito vya Upare, limevamiwa na matete kadiri tope linavyojaa. Na huko Kahe umeingia mti wa kigeni ambao Wakenya huuita mathenge. Mizizi yake hufuata maji ya chini ambayo mikuyu iliyategemea. Huo unastahili semina yake.

Sasa Nyumba ya Mungu, bwawa la miaka ya 1960 linalopokea Kikuletwa na Ruvu kabla ya Pangani kuanza safari. Tukichukua eneo la kilometa za mraba 140 na mvukizo wa Chala, bwawa hupoteza takriban mita za ujazo milioni 238 kwa mwaka kwenda hewani. Huyo ni mtumiaji asiyeomba kibali, na huchukua fungu lake kabla ya mitambo ya Hale na kabla ya mpunga wa Korogwe.

Kwa hiyo napendekeza mawili. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, wenyeji wetu hapa Moshi, iweke mvukizo kama mstari wa kwanza katika kila mgao wa maji. Na anayeleta ombi la bwawa jipya la tambarare, pana na la kina kifupi, aonyeshe kwanza kwa nini maji hayohayo yasiachwe chini ya ardhi, ambako jua haliyafikii na chemchemi za Miwaleni na Chemka zinayatoa bila pampu.