Kidole cha Pili

Msumeno wa karakana ya mbao hapa Sumbawanga haujali kwamba mtu amekwisha kupoteza kidole kimoja. Mwajiriwa akiumia tena kazini, ana haki vile vile.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa Sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi 2015, huchangiwa na mwajiri. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti. Hulipia matibabu. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni kila mwezi.

Nawausia basi: kila jeraha litolewe taarifa kabla ya miezi 12 kupita. Jeraha la kwanza lililofichwa kwa kumwogopa tajiri halitamtetea mtu siku ya jeraha la pili.