Ndoto za Alinacha

Alinacha wa Alfu Lela Ulela aliketi na kapu lake la vyombo vya kioo, akaota ameoa binti wa waziri. Alipompiga teke yule mke wa ndotoni, kumbe kapiga kapu. Tunamcheka hadi leo.

Lakini wapo watu wazima, wenye kazi na watoto, wanaozama hivyo saa nyingi kila siku. Baadhi wana marafiki wasioonekana, wenye majina na ugomvi wao; wengine hutembea chumbani huku na huku, muziki masikioni. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Eli Somer wa Israeli aliandika habari za wagonjwa wake sita ambao ndoto za mchana zilichukua nafasi ya kuzungumza na wenzao.

Msikimbilie kumwita mwendawazimu, wala kumtafutia mganga wa kupunga pepo. Anajua fika kwamba rafiki yule kamtunga mwenyewe. Na kuota kidogo, nani asiyeota? Swali langu ni la kapu: kazi zinalala? Mkewe anazungumza na ukuta? Basi mwulizeni, bila kicheko, huko anakokwenda anapata nini ambacho nyumbani hakipo.