Tamaa na Vita: Maneno ya Makarani kwa Wandugu Wafanyakazi



Tumeombwa kusema juu ya vita na amani. Sisi si mapadri, ni makarani wa mgodi. Kazi yetu ni kuandika: majina, siku, kilo, franka. Kwa hiyo tutasema yale tuliyoyasoma katika Biblia, na yale yaliyo katika daftari yetu wenyewe.

Mnaijua habari ya Nabothi. Alikuwa na shamba la mizabibu karibu na nyumba ya mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka, Nabothi akakataa, maana lilikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akalala kitandani kwa hasira, akakataa chakula. Mwenye nchi nzima, na shamba moja linamnyima raha! Na mke wake Yezebeli alifanya nini? Hakutuma jeshi. Aliandika barua, akazipiga muhuri wa mfalme. Wazee wa mji wakazitii, wakatafuta watu wawili wa kusema uongo, Nabothi akauawa kwa mawe. Hesabuni, wandugu: tamaa ilikuwa ya mtu mmoja, lakini mikono ilikuwa mingi. Walioshika mawe walikuwa watu wa mji wake.

Nchi yetu imekuwa shamba la Nabothi. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ulitoa sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Baba zetu walioichimba hawakuulizwa neno. Mwezi wa Desemba 1941, vita ile ilipokuwa inadai shaba nyingi, wafanyakazi wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waligoma wapate mshahara wa kutosha. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, askari wakawapiga risasi. Tena tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, Katanga ilitangazwa kuwa nchi ya peke yake. Kodi ya shaba ikalipwa kwa serikali ile, na askari wa kukodiwa wakaletwa. Kabla vita ile haijakwisha Januari 1963, maelfu ya Baluba walikuwa wamekimbia nyumba zao, wakalala kambini mle mle Elisabethville. Waliogopa hata watu waliochota maji nao kwenye bomba moja.

Mtume Yakobo anafundisha kwamba vita inatoka katika tamaa iliyo ndani yetu. Hasemi ndani ya matajiri peke yao. Hapo neno linatugusa sisi.

Tulikaa kwenye mizani, tukiandika kilo za wachimbaji. Mkubwa mmoja alituambia: punguzeni kilo chache katika kila mfuko, na mwisho wa juma mtapata kitu kidogo. Tukaandika. Kitu kidogo tukakipokea.

Jioni moja wachimbaji wawili, rafiki wa siku nyingi, walihesabu malipo yao wakaona hayalingani na kazi. Mmoja ni mzaliwa wa hapa, wa pili baba yake alitoka Kasai. Mmoja akasema: "Ninyi watu wa Kasai ni wezi." Mwenzake akajibu kwa tusi. Wakashika sururu. Watu wakagawanyika, kila kabila upande wake. Sisi tulikuwa dirishani. Tulimjua mwizi, tukanyamaza. Mmoja alishonwa kichwa hospitalini.

Ndivyo vita inavyozaliwa, wandugu. Mwizi anakaa kivulini, walioibiwa wanapigana juani.

Basi amani ni nini? Wengine wanasema: shikaneni mikono, yaliyopita yamepita. Lakini mtazameni Zakayo. Alikuwa mtoza ushuru, mtu wa daftari kama sisi. Bwana Yesu alipofika kwake, Zakayo hakusema maneno matamu tu. Alisimama, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Ndipo Bwana alipotangaza wokovu wa nyumba ile. Amani bila kurudisha ni kitambaa juu ya kidonda chenye usaha.

Ndiyo sababu tumesimama mbele yenu. Kila kilo iliyokatwa tuliiandika pembeni kwa penseli, kwa hiyo hesabu ipo. Mara nne hatuiwezi. Lakini tulichopokea tutakirudisha, kuanzia mshahara wa mwezi huu, jina kwa jina, mbele ya mashahidi. Kwa wale wawili tumekwenda kwanza. Mmoja ametusamehe. Wa pili bado, na ana haki. Pengine tutafukuzwa kazi. Wake zetu tumewaambia.

Nanyi tunawaomba jambo moja. Siku malipo yakipungua, kabla ya kuuliza jirani yako ni kabila gani, omba kwanza kuiona daftari. Kila mfuko upimwe mbele ya mwenyewe na mashahidi wawili wasio wa kabila moja. Nabothi alipata mashahidi wawili wa uongo, akafa. Sisi tupeane mashahidi wa kweli, tupate kuishi.

Mungu awabariki.