Siasa Ndani ya Lango la Kanisa
Mhadhara wa umma



Hoja iliyonileta hapa niliisikia katika kongamano la wachungaji, kutoka kwa msomi ninayemheshimu sana. Alisema Wakristo watapendana pale tu watakapoiacha siasa nje ya lango la kanisa. Ukumbi mzima uliitikia amina. Mimi sikuitikia, na jioni hii nataka kueleza kwa nini.

Chimbuko la hoja hiyo tunalijua. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo, waliuawa watu 1,133, wakiwemo waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likachomwa moto siku ya mwaka mpya. Februari 2008 viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya walikiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea pande. Msomi yule mwenzangu analitumia ungamo hilo kama ushahidi: kanisa liliigusa siasa, siasa ikaligawa.

Nasema ungamo hilo linamshtaki yeye. Walioegemea walikuwa viongozi. Ni wao waliozungumza. Waumini waliokaa benchi moja hawakuzungumza kabisa. Nani alimgeukia jirani yake akamuuliza anaogopa nini mgombea wake akishindwa? Kila mmoja aliyatoa maswali hayo nyumbani, kwa watu wa kabila lake, walioafikiana naye kabla hajamaliza sentensi. Siasa haikuachwa nje ya lango hata siku moja. Iliingia na kila mtu, ikakaa naye ibada nzima, ikatoka naye bila kuguswa.

Nilikuwa Nakuru wakati huo. Februari ile jumuiya yetu ndogondogo ya Kikristo ilikutana kama kawaida. Alikuwepo mama ambaye kaka yake alikuwa ametoroka Molo na watoto, na kando yake fundi seremala wa kabila jingine ambaye ndugu zake walikuwa wamefukuzwa Naivasha. Wote tulijua. Tukasoma Injili ya Jumapili, tukasali rozari kwa nia ya amani, tukanywa chai. Hakuna aliyetaja Molo wala Naivasha. Pasaka ilipofika, yule fundi alikuwa amekwisha hamia Kisumu bila kutuaga, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemtamkia neno baya. Mwenzangu angesema jumuiya ile ilifaulu.

Nguzo yake ya pili ni vuguvugu la Uamsho wa Afrika Mashariki, nayo nitaizungumzia kwa kirefu, kwa sababu bibi yangu alikuwa wa Uamsho na sipendi kuona ukitumiwa vibaya. Anatueleza kwamba ndugu wa Uamsho, tangu ulipoanza Gahini nchini Rwanda, walivuka kabila na rangi kwa kuwa hawakujali mambo ya dunia. Si kweli. Katika mikutano yao ya kila wiki walitubu mbele ya wenzao, na katika toba hizo Waafrika walitaja chuki ya kabila na wamishonari wa Kiingereza wakataja kiburi cha rangi yao. Nyakati za ukoloni, Mwingereza kukiri dhambi hiyo mbele ya Waafrika lilikuwa jambo la kisiasa, apende asipende. Na hali ya hatari ilipotangazwa nchini Kenya Oktoba 1952, ndugu wengi wa Mlima Kenya walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kubeba silaha za serikali. Kuna waliouawa kwa msimamo huo. Hao ndio watu wasiojali mambo ya dunia?

Tena Gahini iko Rwanda, na Rwanda ndiko, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, watu walikouawa ndani ya makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye, mara nyingi na waliobatizwa kama wao. Askofu Mkuu wa Kigali alikuwa ameketi miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala. Mwenzangu atanijibu kwamba hapo ndipo siasa ilipoingia kanisani. Sawa, lakini iliingia kwa kiti cha mkubwa mmoja, huku mkulima wa parokia akiambiwa asali na atii. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa niwapeleke Buta, kusini mwa Burundi, mahali ambapo nimepatafakari kuliko pengine popote.

Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, Burundi ikaingia vitani. Katika seminari ndogo ya Buta waliishi vijana wa Kihutu na wa Kitutsi, wengi wakiwa na ndugu waliouawa na watu wa kabila la mwenzao wa kitanda cha pili. Gambera wao, Padre Zacharie Bukuru, angeweza kupiga marufuku maneno. Ratiba ya seminari ingemsaidia: kengele, masomo, kimya, sala. Badala yake aliwaacha vijana wazungumze juu ya vita, makabila na historia ya nchi yao, huku wakiendelea kusali, kucheza ngoma na kucheza mpira pamoja. Baadaye ameyaeleza katika kitabu chake juu ya vijana hao, kitabu ambacho ningependa kila mwanafunzi wa teolojia katika kanda hii akisome.

Fikirini ugumu wa mazungumzo hayo. Kijana anaeleza jinsi baba yake alivyokufa, na anayemsikiliza anajua kwamba huenda mjomba wake alikuwepo. Kesho watafua nguo kwenye bomba moja.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi walivamia bweni. Wakaamuru Wahutu wakae upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana wale hawakutengana. Wakapigwa risasi na maguruneti, wakafa 40.

Wahubiri wengi huanzia kwenye alfajiri hiyo. Mimi naanzia kwenye miaka mitatu na nusu iliyoitangulia. Sidai kwamba mazungumzo peke yake yaliwafanya wale vijana wawe vile. Neema ya Mungu siwezi kuipima. Nadai kwamba hawakuwa na kitu cha kushtukizana. Kila mmoja alikuwa amekwisha sikia jambo baya kuliko yote ambalo mwenzake angeweza kumwambia.

Ninaposema waumini wazungumze siasa ndani ya kanisa, napewa pingamizi mbili nzito. Ya kwanza, kwamba mimbari ikifunguliwa kwa siasa, wanasiasa wataiteka. Naikubali yote. Kwenye mimbari mtu mmoja husema na wengine hawajibu, kwa hiyo si mahali pa mazungumzo hayo. Ya pili, kwamba jumuiya zetu ndogondogo zimefuata mitaa, na mitaa imefuata kabila, hivyo wachache wataogopa kufungua mdomo. Hii inaniumiza zaidi, na sina dawa yake kamili; huenda jumuiya mbili za mitaa tofauti zikalazimika kukutana pamoja. Hata hivyo sioni mahali bora kuliko jumuiya. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walizipa kipaumbele mwaka 1976, na karibu nusu karne baadaye tunazitumia kwa rozari, michango na misiba.

Uchaguzi Mkuu wa Kenya ni Agosti 2027. Nawaomba maparoko na wachungaji waitenge Kwaresima ya mwaka huo. Jumuiya ikutane kila wiki kuzungumza siasa, aanze yule ambaye watu wake ni wachache pale mtaani, na asijibu mtu mpaka ayarudie maneno ya mwenzake kwa namna ambayo mwenyewe atakubali kuwa ndivyo alivyosema. Wagombea na wapambe wao wasialikwe. Paroko au mchungaji awepo, na azungumze mwisho.