Saruji ya Meno na Kivuli Katika Picha ya Eksirei



Jino lililozibwa linapoanza kuuma tena, daktari wa meno huagiza lipigwe picha ya eksirei. Picha hiyo husomwa kwa weupe na weusi. Kinachozuia mionzi huonekana cheupe, na kinachoipitisha huonekana cheusi. Ganda gumu la nje ni jeupe kuliko tabaka la ndani. Sehemu iliyooza, kwa kuwa imepoteza madini yake, huonekana kama kivuli cheusi.

Hapo ndipo daktari anapokabiliwa na swali zito: je, kivuli kilicho chini ya kizibo ni uozo mpya, au ni saruji iliyowekwa humo wakati wa matibabu? Akikosea upande mmoja, jino zima litachimbwa bure. Akikosea upande wa pili, uozo utaendelea hadi kwenye kiini, na huenda jino likang'olewa.

Jibu hutegemea aina ya saruji. Ile ya oksidi ya zinki, inayochanganywa na yujino, kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu, huonekana wazi kwa sababu zinki huzuia mionzi. Saruji ya unga wa kioo, iitwayo glasi ayonoma, ilibuniwa Uingereza na Wilson na Kent na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zile za awali hazikuonekana vizuri, kwani kioo chake hakikuwa na elementi nzito. Baadaye watengenezaji waliongeza strontiamu, bariamu au lanthanamu ili ionekane.

Jambo hili linaigusa Tanzania moja kwa moja. Katikati ya miaka ya 1980 ilianzia hapa njia ya kusafisha tundu la jino kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme. Leo njia hiyo hutegemea zaidi glasi ayonoma. Hivyo mgonjwa anaweza kuzibwa jino mahali pasipo na eksirei, kisha miaka ikapita kabla ya kupigwa picha mbele ya daktari mwingine.

Weupe wa saruji hupimwa kwa kulinganishwa na aluminiamu. Milimita 1 ya tabaka la ndani la jino huzuia mionzi takriban sawa na milimita 1 ya aluminiamu, na ganda la nje takriban sawa na milimita 2. Saruji isiyofikia kiwango cha tabaka la ndani hufanana na uozo. Nayo iliyo nyeupe kupita kiasi yaweza kuficha uozo ulio nyuma yake. Ndiyo maana daktari mwangalifu haitegemei picha peke yake. Hulichunguza jino kwa macho na kwa kifaa, na huilinganisha picha mpya na ya zamani.

Mwananchi naye ana wajibu wake, nao hauna gharama. Anapozibwa jino, aombe jina la saruji, tarehe na jino lenyewe viandikwe katika daftari lake la matibabu. Alitunze daftari hilo pamoja na picha zake, na alipeleke kila aendapo kutibiwa. Mstari mmoja wa maandishi waweza kumwonyesha daktari kile ambacho picha imekificha, na jino likasalimika.