Maji ya Kutu: Chokaa Itangulie Hewa



Kuna maji yanayotoka kisimani yakiwa maangavu, lakini yakilala ndooni huacha kutu chini. Chuma kilichoyeyuka hakionekani. Kikikutana na hewa ndipo hugeuka chembe nyekundu. Kipimo kimoja kiko jikoni: maji yenye chuma kingi yakipikiwa chai ya rangi, chai huwa nyeusi kama wino. Hapo kosa si la mpishi. Viwango vya maji ya kunywa nchini vinataka chuma kisizidi miligramu 0.3 kwa lita, na pH iwe kati ya 6.5 na 8.5.

Yasipokuwa na asidi, kazi ni nyepesi. Yamiminwe kutoka ndoo moja hadi nyingine mara kadhaa, yatulie usiku kucha, yachujwe kwa mchanga safi, ndipo klorini itiwe. Klorini ikitangulia, chuma huimaliza kabla haijaua vijidudu.

Asidi hubadili mambo. Ndani yake chuma huchelewa sana kuwa kutu, hata maji yakimiminwa kutwa. Ndiyo maana kwenye migodi iliyoachwa maji hupitishwa kwanza katika mtaro uliojazwa mawe ya chokaa na kufukiwa ili hewa isiingie. Asidi ikipungua, huporomoshwa kwenye ngazi yapate hewa, kisha hutulizwa bwawani. Mtaro ukiachwa wazi, kutu huyafunika mawe, na nguvu ya chokaa hupungua. Chokaa ya shambani nayo isitiwe katika mtungi wa maji ya kunywa.

Je, mashimo ya maramu? Wekundu wake mara nyingi ni udongo tu. Asidi kali hutoka katika mawe yenye salfa, kama ya mgodi wa shaba wa Kilembe, Uganda. Mabaki yake yalirundikwa Kasese, mvua ikayanyeshea, na maji yaliyotiririka yakaua mimea ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Maji ya aina hiyo hubeba pia shaba na kobalti. Ndoo na mchanga havitoshi, wala kuchemsha.

Kwa hiyo maji ya shimo yapimwe kabla ng'ombe hawajanyweshwa. Chupa safi ijazwe hadi mdomoni, ifungwe bila kubakiza hewa, iandikwe mahali na tarehe, na ifikishwe maabara siku hiyo hiyo, kabla chuma hakijageuka njiani.